Treni ya Saa Tisa Usiku

Leo msivae makoti. Yatundikeni pale mlangoni,
na vile vipimo vya kusikiliza moyo viacheni mezani,
havina kazi hapa.
Wodi ya mwisho, nyuma ya jiko, Tabora,
uji umeshapoa,
nina wanafunzi sita na benchi la watu wanne.

Wamekariri vizuri. Ukiwauliza maruweruwe ni nini
wanajibu kwa sauti moja, kama watoto wa chuoni:
kusikia kisichosikika, kuona kisichoonekana.
Nami naitikia, sawa,
kisha neno hilo linanikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Kisichosikika na nani?

Bwana Lugusha, zamani mshika bendera wa reli,
kaletwa na shemeji yake, kafungwa kamba ya kufungia tumbaku;
alama bado zimo mikononi.
Nyamizi ndiye aliyemhoji. Mwandiko wake umenyooka:
*Mgonjwa anasikia treni kila usiku, saa tisa.
Anaamka, anasimama dirishani, anapunga shuka.
Maruweruwe ya sauti. Hajitambui kuwa anaumwa.*
Nikamuuliza, ulikwenda stesheni?
Akacheka kwa adabu. Alidhani ni mzaha.

(Mjini wanao mzaha wao: huyo mkatieni tiketi ya Dodoma.)

Nikawatuma wote sita.
Julai, baridi ya Tabora isiyomwonea mtu haya,
wakakaa juu ya magunia, kando ya madumu ya asali
yanayosubiri kwenda Mwanza,
sweta mbili, chupa moja ya chai.
Saa tisa na dakika kumi na moja
reli ikaanza kunong'ona kabla taa haijaonekana.
Mabehewa ya mizigo, ishirini na matatu.
Mihayo aliyahesabu;
Mihayo, ambaye jina lake kwa Kinyamwezi ni Maneno,
na tangu muhula uanze sijamsikia akisema kumi.

Asubuhi wakarudi kama washindi wa mpira.
Mwalimu, treni ipo! Huyu baba si mgonjwa!
Nyamizi keshapiga mistari juu ya maandishi yake, wino mwekundu.

Nikawarudisha kwenye benchi.
Kaeni. Msiulize kitu.
Bwana Lugusha akavitazama viatu vyao,
vumbi la kokoto za reli, akalijua.
Akajisogeza, akatoa nafasi.
"Mmeiona?"
Tumeiona.
"Na yule kijana chini ya behewa la tatu,
anayeniuliza kila siku kwa nini nilipunga ya kijani,
mmemwona naye?"

Kalamu sita zikasimama.

Kitabu kina ukurasa wa jambo hili, na dawa ipo,
na tutampa, msije mkanielewa vibaya:
kidonge jioni, baada ya chakula,
na damu ipimwe, na shemeji aitwe tumweleze habari ya kamba.
Sikuja hapa kuwafundisha huruma tupu;
huruma tupu nayo hufunga watu.
Ila kati ya treni iliyopo na kijana asiyekuwepo
pana hatua tatu za kokoto,
na mtu huyu huzitembea peku kila usiku,
na sisi tulikuwa tumesimama ng'ambo na faili,
mara tunasema yote uongo, mara tunasema yote kweli.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Ndiyo. Na wodini humu tunawanyoa wote kwa mkasi mmoja.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nifafanue,
maana mwalimu akiona kimya hukimbilia kukijaza,
Mihayo akanitangulia.
Hakuuliza sauti inatoka sikio gani.
Hakuuliza leo ni tarehe ngapi, rais ni nani,
toa saba katika mia, toa tena.

"Alikuwa akiitwa nani?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Nimelitafuta.
Bwana Lugusha akakunja shuka lake, pembe kwa pembe,
akataja jina,
kisha akalirudia polepole
ili yule kijana apate kuliandika, herufi zote.